Nani ya Chai

Kazi yangu ni kufuta maneno ya watu. Nasahihisha vitabu vya Kiswahili vya shule katika ofisi moja katikati ya mji, na neno nililolifuta kuliko yote maishani mwangu ni "nani". Waandishi wetu hulishika kila wanaposahau jina la kitu: niletee hiyo nani, fungua ile nani, weka nani yako juu ya meza. Watu wakipiga soga halidhuru mtu. Kwenye kitabu cha mtoto linanikera, na kalamu yangu haina huruma nalo. Basi baba yangu alipopatwa na kiharusi, maneno yote yakamtoka, Kiswahili chake, Kimaragoli chake, hata Kiingereza chake cha ofisini, likabaki moja tu. Likabaki hilo.

Alilitamka kwa mara ya kwanza hospitalini, siku aliyofumbua macho akatambua watu. "Nani," alisema, polepole, akimtazama mama. Mama akajibu, "Ni mimi," kwa kuwa alidhani anauliza. Baba akasema tena, "Nani," na mama akaangaza huku na huku, akaona gilasi ya maji, akamsogezea mdomoni. Baba akanywa. Sote tulishukuru Mungu kwa gilasi hiyo, mimi nikiwa wa kwanza.

Alirudishwa nyumbani mtaa wa Woodley, kwenye nyumba ile ile tulimozaliwa, akawekwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Mkono wa kulia ulikuwa umelala. Wa kushoto ulimsikiliza akiwa na nguvu, akichoka haukumsikiliza. Ukimuuliza anataka nini, alikubali kila kitu. Unataka redio? Kichwa juu chini. Unataka kulala? Juu chini. Unataka tukupeleke mwezini? Juu chini, tena kwa adabu kabisa, maana baba alikuwa mtu wa adabu tangu ujana wake na ugonjwa haukumwondolea hilo. Mtu asiyeweza kukataa ni vigumu kumhudumia. Nilikuwa nikitoka kwangu mtaa wa Satellite kila nilipopata nafasi, nakaa naye mchana kutwa, na naondoka nikiwa nimejaa hasira zisizo na mwenyewe.

Mama ndiye aliyejifunza kumsikia. Sijui alijifunzaje. Baada ya muda nyumba ile ikawa na lugha yake. Kulikuwa na nani ya dirisha, fupi, ya puani. Kulikuwa na nani ya redio, iliyopanda mwishoni. Nani ya choo hata mimi niliijua, kwa sababu ilikuja mbili mbili na haikungoja. Na kulikuwa na nani ya chai, ndefu na ya chini, kama mtu anayetua mzigo mlangoni. Mama akiisikia hiyo, popote alipokuwa, kwenye kamba ya nguo au kwa jirani, aliacha alilokuwa akifanya, akateleka maji. Alimletea chai, akavuta kigoda, akakaa naye hadi kikombe kikaisha. Mimi nilitaka kumwambia kwamba kisarufi ingefaa kuwa nani wa chai au nani la chai, lakini kuna mambo unayameza.

Kisha nyonga ya mama ikaanza kumsumbua. Alitembea akishika ukuta, halafu akishika meza, halafu hakutembea ila kwa lazima. Daktari alisema apasuliwe, na asikawie, la sivyo atakuja kuketi upande wa pili wa dirisha lile akitazamana na mzee wake. Mama alikubali, akapewa siku, siku ikafika akasema hajisikii vizuri. Akapewa nyingine, akakataa waziwazi. Nilikuwa jikoni nilipomuuliza sababu, na nilimuuliza kwa ukali, nakiri.

"Nikilala huko," alisema, "nani atajua nani anataka nani?"

Siku nyingine ningecheka hadi nikae sakafuni. Siku hiyo sikuweza. Alikuwa amesema ukweli, na ukweli wenyewe ulinihusu mimi. Nilikuwa mtoto wake wa kwanza, mwanamke mzima anayelipwa kwa kuelewa maneno, na nisingeweza kuachiwa baba yangu mwenyewe kwa sababu ya neno moja.

Mdogo wangu ndiye aliyekuja na habari za kompyuta. Anaishi Loresho, anafanya kazi mjini kama mimi, ila yeye kazi yake ni kufundisha mashine kutambua sauti. Alitueleza siku ya Jumapili tukiwa tumetoka kanisani, sahani za ugali bado ziko mezani. Atamwekea baba kishikwambi mbele ya kiti. Kitasikiliza kila nani, kitazame ni saa ngapi, macho yameelekea wapi, kisha kikisie. Kitaonyesha picha tatu, baba aguse anayotaka. Nilimuuliza kwa nini tusibandike picha ukutani tukamaliza mchezo. Akasema baba akiona picha nyingi huchanganyikiwa, tulikuwa tumeshajaribu, na nilijua hivyo. Anaweza kuchagua moja kati ya tatu. Kazi ya mashine ni kujua ni tatu zipi.

"Haiwezi," nilisema. "Hiyo ni kazi ya machale. Mashine haina mwili wa machale kuucheza."

"Machale ni nini basi?" akaniuliza. "Si ni mambo umeona mara mingi mpaka ukasahau umeyaona? Siz, mama hajazaliwa na hiyo kitu. Alijifunza. Nipatie muda, na hii itajifunza."

Nilimkumbusha baba ni nani. Kabla ya kustaafu baba alikuwa mhudumu wa simu, enzi zile ukitaka kuzungumza na mtu wa mbali unapitia kwa mtu mwenye waya mkononi. "Unataka nani?" alisema kutwa kucha, mwaka baada ya mwaka. Huenda ndiyo sababu neno hilo liling'ang'ania ndani yake mengine yalipong'oka. Alituambia wakati wa chakula kwamba simu ya msiba ina pumzi yake. Anayepiga husalimia sana, huuliza habari za mvua na za ng'ombe, na pumzi haitulii katikati. Baba akiisikia pumzi hiyo, alimtanguliza mtu huyo mbele ya foleni nzima. Hakuna aliyemfundisha. Nilimuuliza mdogo wangu ni kompyuta gani itakayofanya hivyo.

Yeye akanikumbusha ile ya mapacha. Kulikuwa na bwana mmoja aliyepiga akihema hivyo hivyo, baba akaruka foleni yote akamuunganisha na nyumbani, akampa na pole juu yake. Kumbe bwana yule alikuwa amepata mapacha na alikuwa akitetemeka kwa furaha. Baba mwenyewe alipenda kuisimulia hiyo kuliko zote alizopatia. Nilitazama kiti cha dirishani, nikaona mdomo wake umeenda upande. Alikuwa akitusikiliza, na alikuwa anaikumbuka.

Mama alisema lake moja tu, kwamba hiyo kitu haijakaa na mzee kwa nyumba. Lakini hakukataa. Nyonga ilikuwa imeshamfundisha kutokataa ovyo.

Siku ya kwanza ilikuwa kichekesho. Mdogo wangu alikuwa bado hajaweka kazi yake, akawasha kwanza yule msaidizi anayekuja na kishikwambi kutoka dukani ili ajaribu spika. Baba akasema, "Nani." Kishikwambi kikajibu kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, "Mimi ni msaidizi wako. Je, ungependa nikusaidie vipi?" Baba akakitazama. "Nani," akasema tena. "Mimi ni msaidizi wako," kikarudia, bila kuchoka, bila kosa hata moja la sarufi. Baba akaanza kucheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka upande mmoja wa uso, na mama naye akacheka kwa kumwona yeye, akishika nyonga. Hatukuwa tumemsikia baba akicheka tangu augue. Kwa kicheko hicho peke yake nilikisamehe kile kidude mengi kabla hakijanikosea.

Kisha mafunzo yakaanza. Mama ndiye aliyekuwa mwalimu. Kila baba aliposema nani, mama aligusa picha ya kile anachokijua: dirisha, redio, choo, blanketi, Biblia, chai. Mwanzoni kilikisia vibaya mno. Kilimletea picha ya choo wakati wa sala, mama akakikemea kama mtu. Lakini kilikuwa na tabia moja iliyonishangaza. Kikishindwa, hakikujitia kujua. Mdogo wangu alikuwa amekifundisha kusema, "Sijui. Nisaidie." Mimi nimefanya kazi na wahariri, walimu na wachungaji, na maneno hayo mawili nimeyasikia kwao mara chache kuliko nilivyoyasikia kwenye kiti kile cha dirishani kwa wiki chache.

Kikaendelea kupatia. Ikafika mahali baba anasema nani, na kabla mama hajainuka, dirisha limeshatokea la kwanza kwenye kioo, na mkono wa kushoto unaligusa. Nilikuwa nimesimama pale nikitafuta kosa, na sikulipata. Mama alikitazama kwa jicho ambalo sikulielewa mara moja. Baadaye nilielewa kwamba lilikuwa wivu. Alikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nacho, na sasa kilikuwa kinamtoka kidogo kidogo kwa hiari yake mwenyewe. Jioni hiyo alisema tumpigie daktari.

Nilichukua likizo, nikahamia Woodley. Mdogo wangu alikwenda na mama hospitalini, mimi nikabaki na baba na kishikwambi. Asubuhi ilipita vizuri hadi nikaanza kujivuna. Nani ya dirisha, dirisha. Nani ya redio, redio. Mama alikuwa amepelekwa chumba cha upasuaji na sikuwa na la kufanya ila kungoja simu, kwa hiyo nilishukuru kuwa na kazi.

Baada ya chakula cha mchana ikaja nani ya chai. Ndefu, ya chini, ile ile. Nikaisikia mwenyewe kabla kioo hakijaonyesha kikombe, na moyo wangu ukaruka kwa furaha, kwamba hata mimi sasa nasikia. Nikatengeneza chai ya maziwa na tangawizi kama ya mama, nikamletea. Baba alikiangalia kikombe, akanitazama mimi, akageuza uso. "Nani," akasema.

Mtu aliyekubali kila kitu alikuwa amekataa. Nilidhani imepoa, nikaipasha moto. Akakisukuma kikombe kwa mkono wa kushoto hadi chai kidogo ikamwagika kwenye blanketi. "Nani." Kishikwambi kikaonyesha chai, dirisha, redio. Hakugusa hata moja. Kikaonyesha choo, blanketi, Biblia. Hakugusa. Kikapitia zote, kisha kikasema kwa ile sauti yake safi, "Sijui. Nisaidie."

"Nikusaidie mimi?" nilikiuliza, na sauti yangu ilikuwa imepanda. "Wewe ndiye uliyeletwa kujua."

Baba alikuwa analia sasa, kimya kimya, na bado anasema nani, nani, ile ndefu ya chini. Nilipiga magoti mbele yake. Nilimshika mkono, nikamuuliza kila nilichoweza kufikiria, kichwa kinauma? mguu? Niliogopa kwamba kiharusi kimerudi. Niliogopa zaidi kwamba mama alikuwa na haki tangu mwanzo, kwamba tumemtoa nyumbani kwa uongo, na amelala sasa hivi kwenye meza ya madaktari akituamini. Nilijiona bure kabisa.

Hapo simu yangu ikalia. Alikuwa mdogo wangu. Mama ametoka salama, ameamka, ila bado ana usingizi wa dawa, anataka kusikia sauti ya nyumbani. Nikaweka simu kwenye spika, nikaishika karibu na baba. Ikakwaruza kidogo, kisha sauti ya mama ikaja, nzito na ya mbali, ikiuliza kama wazee wote wanavyouliza kwenye simu.

"Halo. Ni nani?"

"Nani," baba akasema.

Nikasikia mlio wa mashine za hospitali upande wa pili.

"Niko," mama akasema. "Wamemaliza. Niko salama."

Baba akafumba macho. Mabega yakashuka. Akabaki hivyo akisikiliza mama anavyopumua hadi mdogo wangu alipochukua simu. Nilipomsogezea tena kile kikombe, chai ikiwa imeshapoa na utando juu, alikinywa chote.

Nilikaa pale nikikitazama kishikwambi. Nikakipitia, picha moja moja. Kulikuwa na dirisha na redio, kulikuwa na blanketi, hata picha ya paka wa jirani ilikuwamo. Ya mama haikuwamo. Hatukuwa tumeiweka, wala yeye mwenyewe hakuwa ameiweka, kwa sababu alikuwa upande wa pili wa kioo akigusa zingine. Hakuna aliyefikiri baba anaweza kumwita mtu ambaye yuko daima. Kidude kile kilikuwa kimesema ukweli mtupu. Hakikujua, na kilihitaji kusaidiwa, na mimi nikakipigia kelele.

Mdogo wangu alipofika nilimwambia aiweke. Alichagua ile ya mama akiwa amevaa kitambaa cha kanisani, amekunja uso kwa jua. Siku zilizofuata, baba alipoita kwa sauti ile, picha ya mama ilitokea pamoja na chai na nyingine moja, naye akaigusa, nami nikapiga simu. Niliichukulia kuwa ni nani mpya, ya upweke, iliyozaliwa kwa sababu mama hayupo, na kwamba mama akirudi itakufa na ile ya chai irudi mahali pake. Ndivyo nilivyomweleza mdogo wangu, kwa uhakika wa mtu ambaye machale yamemcheza.

Mama alirudi nyumbani akitembea na fremu ya chuma, polepole, lakini hakushika ukuta. Tulimkalisha kwenye kiti kando ya baba, mto nyuma ya mgongo. Mdogo wangu alikuwapo. Majirani walikuwa wameshaondoka, na jua la saa kumi lilikuwa limeingia hadi miguuni mwao. Baba alimgeukia mama.

"Nani," akasema. Ndefu, ya chini.

"Hiyo ni ya chai," mama akaniambia mara moja, akafurahi kwamba hajasahau. "Weka maji."

Lakini kioo kilikuwa kimeshawaka. Mbele kabisa kilikuwa na uso wa mama katika kitambaa cha kanisani. Chai ilikuwa ya pili.

"Imeharibika," mama akasema. "Si niko hapa."

Mdogo wangu akainama juu ya kishikwambi. Alisema sauti zote za nyuma zimo, za tangu mafunzo, na mashine huzipanga zile zinazofanana pamoja. Akatuchezea chache zilizorekodiwa wakati ule, mama akiwa bado nyumbani anajikokota hadi jikoni. Kisha akatuchezea za juzi, mama akiwa hospitalini. Hakukuwa na tofauti. Sisi tulikuwa na nani mbili, ya chai na ya mama. Mashine ilikuwa na moja tu.

Mara nyingi mdogo wangu huniuliza kama sasa nakubali kwamba kompyuta inaweza kuwa na machale. Namjibu kwa maneno ya kompyuta yenyewe, kwamba sijui, anisaidie. Najua tu kwamba ilisikia kitu ambacho sikio la mke na sikio la mtoto hayakukisikia, na kwamba isingekipatia jina kamwe kama sisi tusingeipa picha. Nafikiri tutaishi hivyo, sisi na hizo, tukipeana kile ambacho mwingine hana. Wazo hilo haliniogopeshi tena. Hata kalamu yangu imelegea kidogo. Juzi mwandishi mmoja aliandika "niletee nani", nikaipita.

Lakini siku ile hatukuwa na mawazo hayo. Niliona mama anahesabu moyoni, vikombe vyote vile, safari zote zile za jikoni na nyonga mbovu, na kigoda alichovuta kila mara akakaa hadi kikombe kikaisha. Baba aliinua mkono wa kushoto. Aligusa uso wa mama kwenye kioo, kisha akauhamisha mkono ule, kwa taabu, akauweka juu ya goti la mama mwenyewe.

"Na ulikuwa unakunywa tu," mama akamwambia.

"Nani," baba akasema.

Nilikuwa nimeshasimama kwenda jikoni, kwa mazoea, na kwa sababu sikutaka wanione uso. Mama akanishika nguo.

"Keti," akasema. "Hajaitisha chai."

Nikaketi.